Heterodoksi, mzushi, murtadi: jamani sio kitu kimoja

Kuna hili neno heterodoksi ambalo watu wanaojadili dini na uchumi wameanza kulitumia sana, na naona wengi wanalipokea kama jina la kistaarabu la uzushi. Hapana. Ni maneno mawili yaliyo mbali kabisa, na mimi tofauti yake naijali kwa sababu kuna watu wanatukanwa kila siku kwa kosa la kuwaza tofauti tu.

Limetoka kwenye Kigiriki, heteros ni "nyingine" na doxa ni "maoni" au "fikra", basi, hakuna kingine. Mwenzake ni orthodoksi, ambapo orthos ni "nyoofu". Kwa hiyo ukisema fulani ana mawazo ya kiheterodoksi unachosema ni kwamba hayuko kwenye msimamo unaokubalika kundini kwake, hujasema ni muongo, hujasema ana nia mbaya, wala hujamtoa kwenye dini. Na inategemea ni kundi gani. Kubatiza watoto wachanga kwa Wakatoliki ni jambo la kawaida kabisa, ila Mbaptisti akianza kufundisha hivyo kanisani kwake atakuwa ameshatoka kwenye mstari.

Sasa angalia uzushi. Kuzua ni kutunga kitu ambacho hakipo, ukimzulia mtu umemsingizia, habari za uzushi ni habari za uongo, halafu neno hilohilo ndo tunampa mtu mwenye mafundisho yasiyokubalika. Yaani kabla hajafungua mdomo kujieleza neno limeshamhukumu kwamba amedanganya, wakati mara nyingi anaamini kwa moyo wake wote anachokisema! Hii kwangu ni dhuluma ya lugha. Kigiriki walikuwa na hairesis, neno ambalo ndo lilikuja kutumika kwa uzushi wa kidini, na maana yake ya mwanzo ni kuchagua, baadaye ikawa kundi au mkondo wa fikra, na Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, anawaita hivyo Mafarisayo, Masadukayo na Waesene bila kumvunjia heshima yeyote. Kwenye Matendo ya Mitume sura ya 24 ndo unaanza kusikia ukali wake, pale Paulo anapojitetea mbele ya gavana Feliki kuhusu ile Njia, yaani imani ya Wakristo wa mwanzo, ambayo washitaki wake wanaiita hairesis. Kwa hiyo mtume mwenyewe alishawahi kuwa upande wa kushitakiwa.

Wakatoliki wao wamepanga haya maneno vizuri, sheria ya kanisa ya 1983, kanuni ya 751, inatenganisha vitu vitatu: uzushi ni mtu aliyebatizwa kuukana kwa ukaidi ukweli ambao imani inamtaka ausadiki, uasi wa imani ni kuitupa imani ya Kikristo yote, na mafarakano ni kukataa kuwa chini ya Papa. Hapo kwenye "kwa ukaidi" pana uzito mkubwa. Mtu anayeuliza maswali hajawa mzushi, mtu aliyeelewa vibaya pia bado.

Kwa Waislamu nako hivyohivyo, watu wanachanganya. Murtadi ni aliyetoka kwenye dini, bidaa ni jambo lililozushwa kwenye dini bila mfano uliotangulia, na ikhtilafu ni wanachuoni kutofautiana, jambo ambalo limekuwepo siku zote na ndo maana Sunni wana madhehebu manne na wanaswali pamoja. Hata bidaa yenyewe, khalifa Umar aliwaona watu wanaswali tarawehe, swala ya usiku ya Ramadhani, nyuma ya imamu mmoja akaiita bidaa njema, na wanachuoni mpaka leo wanajadili alikusudia nini. Cha kusikitisha ni kwamba ikhtilafu ilipoingia kwenye Kiswahili cha kila siku ikawa hitilafu, na leo ukisikia hitilafu unawaza umeme umekatika au mtambo umeharibika. Tofauti imegeuka kuwa ubovu.

Halafu haya majina yanahama. Athanasius alikuwa upande ulioshinda kwenye mtaguso wa maaskofu wa Nisea mwaka 325 dhidi ya mafundisho ya padri Arius, aliyesema Mwana wa Mungu aliumbwa, lakini wafalme wakabadilika na upepo ukabadilika, akafukuzwa kwenye kiti chake cha uaskofu Aleksandria mara 5, kwa hiyo kuna miaka ambayo msimamo tunaouita leo orthodoksi ndio uliokuwa unawindwa. Jeanne d'Arc, msichana aliyeongoza jeshi la Ufaransa, alichomwa moto mjini Rouen mwaka 1431 kama mzushi, hukumu ikafutwa 1456, akatangazwa mtakatifu 1920. Yeye hakubadilika chochote, alikuwa ameshakufa.

Ila na upande wa pili niseme, maana kuna watu wakishasikia hizi stori wanaona kuwa tofauti ndo ushahidi kwamba wako sahihi. Hapana tena! Heterodoksi haikuhukumu lakini pia haikusifii. Madaktari walikuwa wanaamini vidonda vya tumbo vinaletwa na asidi na mawazo, madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, wakasema kuna bakteria, hawakuaminiwa, na mwaka 1984 Marshall akanywa hao bakteria mwenyewe, tumbo likavimba ndani, akapimwa, wakaonekana. Tuzo ya Nobel ikaja 2005. Alichokuwa nacho ni vipimo ambavyo daktari mwingine yeyote angeweza kuvirudia, na hicho ndo ninachomuuliza kila anayeniambia yeye anapingwa kwa sababu yuko mbele ya wakati wake, sawa, vipimo viko wapi.