Babu na hadithi yangu ya mkonge
Jana nimemsomea babu ile hadithi yangu ya kuchekesha, ya mzungu wa shamba la mkonge Tanga aliyeupa kila mche jina ila wafanyakazi anawaita kwa namba. Babu kacheka mpaka kakohoa, halafu kimya, kisha akasema mjukuu wangu, mimi ndo nilikuwa namba.

Katoka Kigoma kijana kabisa, manamba, yaani kibarua wa mkataba shambani. Anasema kipande, ile kadi ya kazi, kilikuwa na siku 30, usipomaliza kazi ya siku nyapara haweki alama, jasho lako limeenda bure, kwahiyo "mwezi" mmoja unaweza ukala hata miezi miwili na mshahara unausubiri tu. Na mkonge wenyewe si wa huku jamani, Hindorf yule Mjerumani kauleta 1893, ikafika miche 62 tu mizima!

Kanishikisha kidole gumba chake, kuna kauvimbe kagumu, mwiba ulivunjikia humo na haujatoka hadi leo. Nimelia.

Kaniambia rudia pale mzungu anapouaga mche kabla ya kulala. Nimerudia mara tatu.