Wale watatu wa Septemba 25

Kila mwaka ukianza mwezi wa kumi watu mtandaoni wanaikumbuka Mogadishu, Somalia, ya 1993, zile helikopta mbili za Black Hawk zilizotunguliwa mchana kweupe, wanajeshi 18 wa Marekani waliokufa, na sinema nayo imefanya mpaka watoto waliozaliwa juzi waijue hiyo siku. Mi tarehe yangu huwa inapita kabla ya hapo. Nakumbuka usiku wa 25 Septemba, siku nane kabla ya ile vita kubwa, usiku ambao Black Hawk ilitunguliwa mji uleule kwa silaha ileile na watu watatu waliokuwa wamekaa nyuma wakafa. Ferdinan Richardson, Eugene Williams, Matthew Anderson. Nimeyaweka majina hapa juu makusudi kabisa, maana nimesoma makala nyingi na mara nyingi yanakuja mwishoni, kama yanakuja.

Aliyenifanya nishikwe na hawa watatu ni mjomba wangu. Alikuwa fundi wa helikopta jeshini miaka mingi, yule mtu wa ovaroli yenye grisi, na tulivyokuwa wadogo tulikuwa tunamuuliza kila akija likizo, mjomba umeendesha ndege? Anajibu hapana mjomba, mi naifunga ndege afu napanda na niliyoifunga. Hatukuelewa. Sisi tulitaka rubani. Siku moja akaniambia, rubani akishuka watu wanamwangalia yeye, fundi anashuka na tochi anaenda kuangalia mkia. Hiyo sentensi ilikaa kichwani mwangu miaka na miaka, mpaka nikaanza kusoma habari za Mogadishu ndo nikaelewa alikuwa anasema nini.

Black Hawk ya kijeshi kawaida ina watu wanne. Wawili mbele ni marubani. Wawili nyuma yao, mmoja kushoto mmoja kulia, wamekaa wameangalia nje kwenye dirisha na rashasha mbele yao, na mmoja wao ndo fundi mkuu wa hiyo ndege, yaani ndege ni yake. Sio yake kwa karatasi, ni yake kwa maana ya kwamba yeye ndo anaijua kila bolti, yeye ndo anafika alfajiri kabla ya wote na kuondoka usiku baada ya wote, anaangalia mafuta, anapapasa mapanga kama yana ufa. Rubani leo anaruka na hii kesho na ile. Fundi anabaki na yakwake. Na hewani hawa wa nyuma ndo macho ya ndege, kwa sababu rubani haoni mkia wake, haoni chini ya tumbo, kwaiyo wakati wa kutua kwenye vumbi hao wa nyuma ndo wanaongea kwenye headseti, mkia uko salama kushoto, shuka, shuka, simama. Rubani anashusha tani kadhaa za chuma kwa sauti ya mtu ambaye hata hamuoni. Mi nikifikiria hicho kitu huwa nasisimka mwili.

Sasa ule usiku. Ilikuwa kama saa nane za usiku, ndege ya kikosi cha 101st Airborne cha jeshi la Marekani inapita chini chini juu ya mji, ikapigwa na RPG ikashika moto hewani. Marubani wawili wakapambana nayo hivyohivyo inawaka mpaka ikafika chini, na wao walitoka hai, wameumia sana lakini hai. Wa nyuma hawakutoka. Mi siwalaumu marubani hata kidogo, jamani, watu wanaendesha moto gizani juu ya nyumba za watu na bado wanatafuta pa kuiweka, huo ni ujasiri ambao sijui kama mimi ningekuwa nao hata nusu. Nasema tu kwamba moto ulikuwa nyuma na watu watatu walikuwa nyuma.

RPG-7, ile ambayo wengi wetu tunaita bazuka, haikutengenezwa kwa ajili ya ndege. Ni silaha ya kupigia vifaru, ya kubeba begani, na ukiielekeza juu sana ule moto unaotoka nyuma unagonga ardhi na kumrudia mpigaji. Kwa hiyo ile ya Septemba 25 wakubwa wengi waliiona kama bahati ya mtu mmoja, usiku mmoja. Hapo ndo huwa naumia. Watu watatu wamekufa na kifo chao kilikuwa kinasema kitu wazi kabisa, kwamba hawa jamaa wa chini wameshajifunza, wanaweza, na wataweza tena. Siku nane baadaye zilipigwa Black Hawk tano kwa RPG, mbili zikaanguka katikati ya mji, zingine zikajikokota mpaka zikapata pa kutua.

Na tuseme ukweli wa upande wa pili pia, maana huwezi kuwalilia wa juu ukawasahau wa chini. Helikopta kwa mtu wa Mogadishu mwaka ule haikuwa kitu cha kushangilia. Ilikuwa inapita juu ya paa mchana na usiku, upepo wake unapeperusha mabati na nguo za kina mama. Afu tarehe 12 Julai helikopta za Cobra za Marekani zilipiga makombora nyumba moja ambayo ndani yake wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kikao, Msalaba Mwekundu ukahesabu waliokufa 54. Hasira ya siku ile ililipuka palepale, waandishi wa habari waliokwenda kupiga picha wakavamiwa na umati na wanne wakauawa, Dan Eldon aliyekulia Nairobi, Hansi Krauss, na Wakenya wawili Hos Maina na Anthony Macharia. Walikwenda kuonyesha dunia kile walichofanyiwa Wasomali na wakafia mikononi mwao. Kwaiyo mtu aliyebeba RPG usiku wa Septemba alikuwa amebeba na ile Julai. Sisemi alifanya vizuri. Nasema hakutoka hewani tu.

Oktoba 3 ilikuwa Jumapili. Wamarekani walitoka kukamata wasaidizi wawili wa Mohamed Farrah Aidid, mbabe wa vita aliyekuwa anapigana nao, karibu na soko la Bakara, kazi ambayo ilitakiwa iishe ndani ya saa moja hivi. Kama saa kumi na dakika 20 jioni Black Hawk iliyoitwa Super Six One ikapigwa kwenye mkia. Hapa lazima nimlete tena mjomba na tochi yake. Mapanga makubwa ya juu yakizunguka upande mmoja, mwili wa ndege wenyewe unataka kuzunguka upande wa pili, na kinachouzuia ni lile pangaboi dogo la mkiani. Injini ikizima rubani mzuri bado anaweza kuishusha ndege kwa upepo unaopita kwenye mapanga. Ila mkia ukienda, ndege inaanza kuzunguka yenyewe kama pia ya watoto, na hapo rubani hana kitu kikubwa cha kufanya zaidi ya kujaribu kuiangukia vizuri. Clifton Wolcott na Donovan Briley, marubani wa Six One, walikufa palepale, mafundi wao wawili wa nyuma wakanusurika.

Dakika 20 baadaye Super Six Four, iliyokuja kuchukua nafasi ya Six One, nayo ikapigwa mkiani. Mbele walikaa Mike Durant na Ray Frank. Nyuma walikaa Bill Cleveland na Tommie Field. Watu wengi wanamjua Durant kwa sababu alitekwa, sura yake imevimba ikaonyeshwa kwenye TV dunia nzima, akaachiwa baada ya siku 11, na tangu hapo akiongea huwa anawataja wenzake watatu, Mungu ambariki kwa hilo. Wanawajua pia Gary Gordon na Randy Shughart, wale wadunguaji wawili walioomba mara tatu washushwe pale kwenye Six Four huku wakijua umati unakuja na msaada haupo. Wakashushwa, wakawatoa wale wanne kwenye mabaki ya ndege, wakapigana mpaka risasi zikaisha na wakafa. Mwaka uliofuata familia zao zikapewa Medali ya Heshima, tuzo ya juu kabisa ya ujasiri ya jeshi la Marekani, ya kwanza kutolewa kwa mapigano yaliyokuja baada ya vita vya Vietnam. Yote hayo ni sawa na wanastahili. Ila mi kila nikisoma najikuta narudi kwa Cleveland na Field, kwa sababu hakuna anayeweza kuniambia walifanya kosa gani wakastahili kuwa "na wengine". Wengi walichokuja kuona ni ile picha ya mwili unaoburuzwa barabarani, iliyopata tuzo ya Pulitzer 1994. Mi siipendi na huwa siiangalii. Yule ni baba au kaka au mtoto wa mtu, na ndo imekuwa picha yake ya kudumu.

Kitu kingine ambacho watu wa nje ya jeshi huwa hawakielewi, nami sikukielewa mpaka mjomba aliponieleza kwa upole. Wale askari waliozingirwa pale Six One ilipoanguka walikaa usiku kucha, na sababu moja kubwa ni kwamba mwili wa Wolcott ulikuwa umebanwa kwenye vyuma vya chumba cha marubani na hawakuwa tayari kuuacha. Walikuwa na majeruhi, maji yameisha, risasi zinapungua, na bado wanakata vyuma. Nilimuuliza mjomba, sasa si ameshafariki, kwa nini wahatarishe wazima? Akanyamaza kidogo afu akasema, mjomba, kesho nani atapanda ndege akijua ataachwa? Msafara wa kuwatoa ulikuja na vifaru vya Wapakistani na deraya za Wamalaysia, na Mmalaysia mmoja na Mpakistani mmoja wakafa wakienda kuwaokoa Wamarekani ambao hata hawawajui. Wasomali waliokufa usiku ule ni mamia, kuna makadirio ya 300 na kuna ya zaidi ya 1000, na wengi hawakuwa na bunduki.

Siku nne baadaye Rais Clinton akatangaza majeshi yake yatakuwa yametoka ifikapo 31 Machi 1994. Mwezi wa nne mwaka huohuo Rwanda ikawaka na hakuna aliyetaka kutuma ndege. Hiyo ni habari ndefu na nzito, nitaiandika siku yake.

Nimewataja Wapakistani makusudi. Wao Juni 1993 walikuwa wameshapoteza askari 24 kwa siku moja hapohapo Mogadishu, na hawakuacha kutuma watu kwenye misheni za Umoja wa Mataifa. Tarehe 29 Machi 2022 helikopta ya Puma ya MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa kule Kongo, ilianguka Tshanzu, Rutshuru, kule Kivu Kaskazini ambako ukisalimia kwa Kiswahili unajibiwa kwa Kiswahili. Ilikuwa inaangalia hali ya mapigano kati ya jeshi la serikali na waasi wa M23. Jeshi likasema M23 wameitungua, M23 wakasema ni jeshi. Wote wanane waliokuwemo walikufa, Mrusi mmoja, Mserbia mmoja, na Wapakistani sita ambao ndo walikuwa wanaiendesha na kuihudumia hiyo ndege. Nakumbuka siku ile kwenye magrupu ya WhatsApp watu walibishana siku nzima nani kapiga, kila mtu na upande wake, na sikuona hata mtu mmoja aliyeandika jina la aliyekufa. Hata mimi sikuandika, nilikuwa nabishana.

Mwaka jana ikabidi nirekebishe. Nikampigia mjomba tarehe 25 Septemba jioni, siku hizi hasikii vizuri kwa hiyo inabidi upaze sauti, nikamwambia mjomba nataka nikusomee majina. Akasema soma. Nikaanza, Ferdinan Richardson, Eugene Williams, Matthew Anderson. Afu wa Oktoba, Clifton Wolcott, Donovan Briley, Ray Frank, Bill Cleveland, Tommie Field. Alikuwa anayarudia polepole kwa matamshi yake. Nikafikiri nimemaliza, akaniuliza, na wale wa Kongo? Nikamsomea, Asif Ali Awan, Saad Nomani, Faizan Ali, Samiullah Khan, Muhammad Ismail, Muhammad Jamil. Kimya. Nikadhani simu imekata, nikaita mjomba, mjomba. Akasema niko, nilikuwa natafuta miwani, ngoja nichukue kalamu, anza tena kuanzia yule Richardson.