Shura bila tarehe: mimi, Ibn Khaldun na siasa yetu ya Katanga

Ijumaa baada ya swala tulibaki kidogo nje ya msikiti, maongezi yakaanza kwa bei ya unga yakaishia kwa siasa kama kawaida ya Lubumbashi, mji wetu wa Katanga kule Kongo. Kijana mmoja anayesoma sheria akaniambia, "Yaya, ile demokrasia ni mambo ya bazungu, sie tuko na shura, inatosha." Jua lilikuwa kali na kila mtu alishaanza kufikiria bukari (ugali) yake, basi sikumjibu, nimekuja kuandika huku.

Hiyo "inatosha" njo inanisumbua. Shura iko ndani ya Kurani, sura ya 42 aya ya 38, waumini wanashauriana mambo yao, hapo hakuna wa kubisha. Lakini aya haitwambii nani anaitwa kwenye shauri, sauti zinahesabiwa vipi, na mkubwa akikatalia kitini inakuwaje. Angalia Madina yenyewe: Abu Bakr, khalifa wa kwanza, alipatikana kwa kikao cha haraka mwaka 632, Mtume hata hajazikwa. Umar aliteuliwa na Abu Bakr. Halafu Umar alipochomwa kisu mwaka 644 akaacha watu 6 wachague mmoja wao. Njia tatu tofauti ndani ya miaka 12, na hao ni masahaba, sio wanasiasa wetu hawa! Na kati ya makhalifa wanne wa kwanza, watatu waliuawa. Uthman watu walimlalamikia wee, wakamzingira nyumbani kwake, wakamuua mwaka 656, na mimi kila nikifika pale najiuliza kama kungekuwa na siku inayojulikana ya muhula kuisha, wale waliotoka Misri na hasira zao si labda wangesubiri? Labda. Ila hawakuwa na kitu cha kusubiri, khalifa alikuwa anatoka kwa kifo tu.

Inivasite walituanzishia sosiolojia, ile sayansi ya jamii, kwa Auguste Comte, tukapita kwa Durkheim na Weber, Ibn Khaldun akatajwa haraka haraka kama mtu aliyetangulia, basi. Nilimsoma baadaye mwenyewe, kwa Kifaransa, ile tafsiri ya de Slane ya karne ya 19. Huyu mtu alizaliwa Tunis 1332, akatumikia wafalme wengi, akafungwa jela Fes, mwisho akajificha kwenye ngome huko Algeria na mwaka 1377 akaandika kitabu chake Muqaddimah. Kilichonishangaza ni kwamba hapotezi muda kuhubiri mtawala mwema yukoje, anauliza nguvu ya mtawala inatoka wapi, na jibu lake ni asabiyya, ule mshikamano wa watu kusimama na mtu kwa sababu ni wao. Wanazuoni walisema khalifa lazima awe Mkureshi, mtu wa kabila la Mtume. Yeye anauliza kwa nini, na anajibu kwamba wakati ule Wakureshi njo walikuwa na nguvu ambayo Waarabu wengine wangeifuata, kwa hiyo cha muhimu ni ile nguvu, sio damu. Mwanazuoni wa Kimaliki, kadhi wa Cairo kabisa, anachukua sharti la dini na kulitafutia sababu ndani ya jamii! Wale wanaosema Uislamu na sayansi ya jamii haviwezi kukaa meza moja sijui walimsoma nani.

Na sisi wa Katanga tunahitaji nani atufundishe asabiyya? Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe, kiongozi wa mkoa wetu, alitangaza Katanga ni nchi peke yake. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa huku, familia zikalala stesheni Likasi zikingoja treni ya kwenda kwenye mkoa ambao watoto hawajawahi kuuona. Hapa njo namgombeza Durkheim. Kitabu chake cha 1893 kinasema kadiri watu wanavyogawana kazi, kila mmoja na ufundi wake, wanaanza kushikamana kwa kuhitajiana na ule mshikamano wa kufanana unapungua. Sasa ni wapi watu waligawana kazi kuliko kwenye migodi yetu? Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, iliwaleta Wakasai wenyewe, wakachimba na wenyeji, wakaishi kambi moja, na ilipofika siku ya siku "huyu ni wa kwetu" ikashinda. Ibn Khaldun asingeshangaa. (Kumbe Taha Hussein, mwandishi wa Misri, aliandika tasnifu yake ya chuo kikuu juu ya Ibn Khaldun Paris, na Durkheim njo alikuwa anamsimamia mpaka alipokufa 1917. Natamani ningesikia walichoambiana.)

Lakini Ibn Khaldun naye nina deni naye. Khalifa Muawiya alipomrithisha mwanae Yazid, Ibn Khaldun anamtetea, anasema Banu Umayya, ukoo wao, wasingekubali mtu mwingine, umoja ungevunjika. Sawa papa, umeeleza, ila kueleza kukizidi kunakuwa kusamehe, na mwaka 680 tukapata Karbala, pale jeshi la Yazid lilipomuua Husein mjukuu wa Mtume. Hoja ni ileile tunayoisikia leo Kongo, tuguse katiba kwa ajili ya utulivu. Katiba ya 2006 inampa rais miaka 5, inarudiwa mara moja, na kifungu cha 220 kinakataza kugusa hiyo hesabu. Kwangu hicho kifungu kiko karibu na shura kuliko hotuba nyingi ninazosikia, maana kinampa mwenye hasira kitu cha kusubiri. Januari 2019 rais mmoja alimwachia mwingine kiti bila damu, mara ya kwanza tangu uhuru, japo hesabu ya kura ilileta maswali mengi.

Yule kijana ataniambia Tunisia. Ndiyo, nimeona. Ennahdha, chama cha Kiislamu, waliachia serikali Januari 2014, wakashindwa kura mwaka huohuo wakakubali, halafu 2021 rais akafunga bunge na 2023 Ghannouchi, kiongozi wao, akakamatwa. Lakini aliyefunga bunge alikuwa mwalimu wa sheria ya katiba, sio shehe! Hiyo wanaomwogopa Mwislamu kwenye demokrasia hawapendi kuizungumzia.

Sasa nataka nimrudie Ali Abdel Raziq, yule wa Misri aliyeandika 1925 kwamba dini haikutuamuru aina yoyote ya serikali, Al-Azhar wakamtoa kwenye orodha ya maulamaa. Nahisi nitamkubali nusu, ile nusu nyingine nitaiandika nikimaliza, umeme ukikubali.