Mkufu wa waya wa shaba: kumbukumbu tangu bangili ilipofumuka

Jumamosi

Mradi huu umeanzia kwenye kitu kilichoharibika. Mwezi uliopita nilifuma bangili ya waya wa shaba nyekundu, unene wa milimita 0.25, kwa sindano zilezile ninazofumia sweta. Mdogo wangu akaivaa siku tisa. Siku ya kumi ikanasa kwenye zipu ya begi, waya ukakatika mahali pamoja tu, na bangili ikarudi kwangu ina tundu linalopitisha kidole. "Dada, wala sikuivuta kwa nguvu," akasema, na ninamwamini.

Jioni nzima nimekaa nayo chini ya taa na kioo cha kukuzia. Kitanzi kilichokatika kilikuwa kimebeba kitanzi cha juu yake, nacho kimebeba kingine. Cha chini kilipoachia, vya juu vikabaki vinaning'inia. Ndivyo kufuma kulivyo. Kwenye sufu hilo lina faida yake, maana ukikosea unavuta uzi, unafumua, unaanza upya, na hakuna atakayejua. Waya haukubali. Popote ulipopindwa panabaki alama, ukiunyoosha unabaki na kikunjo, na ukiupinda tena palepale unakatika. Kwa hiyo bangili yangu ilirithi udhaifu wote wa kufuma, faida yake ikabaki kwenye sufu.

Nimeamua nitengeneze mkufu wa sentimita 42, wa waya mtupu, bila kulehemu popote, ambao waya mmoja ukikatika mkufu unabaki mzima. Huo ndio mradi.

Jumatatu usiku

Nimechagua ufumaji wa Wavikingi, mabaharia wa kale wa Skandinavia. Mikufu ya fedha ya namna hii imefukuliwa makaburini na kwenye hazina zilizofichwa ardhini, Skandinavia na visiwa vya Uingereza. Waingereza wa baadaye waliipachika jina la Trichinopoly, mji wa India uliosifika kwa masonara wa mikufu, ambao leo unaitwa Tiruchirappalli.

Tofauti yake na kufuma kwa sindano iko kwenye mwendo wa waya. Kwa sindano, unavuta kitanzi kupitia kitanzi na roli la waya linabaki pembeni. Unaweza kufuma kilomita nzima bila kukata. Kwa Wavikingi hakuna sindano. Unashika ncha ya waya na kuupitisha mzima, wote, kwenye kila kitanzi, kama mtu anayetunga shanga. Ndiyo maana huwezi kutumia waya mrefu. Nimejaribu mita mbili, ukajisokota mara tatu nikiwa sijamaliza mizunguko miwili. Sentimita 80 hadi 90 ndizo mkono wangu unazimudu.

La pili ni shingo ya kitanzi. Hapa miguu miwili ya kitanzi inapishana kabla ya kwenda kwa majirani zake, mmoja juu ya mwingine. Wafumaji wa sufu wataitambua: ukiingiza sindano kwa nyuma ya kitanzi badala ya mbele, unapata kitanzi kilichopishana vivyo hivyo. Ukiweka vitambaa hivyo viwili mezani, macho peke yake hayakuambii kipi kilifumwa kwa sindano na kipi kwa ncha ya waya. Ile bangili yangu haikuwa na shingo za kupishana. Vitanzi vyake vilikaa wazi, na nadhani hapo ndipo penye tatizo langu.

Alhamisi

Nimeanza. Waya ni shaba nyekundu namba 26, yaani milimita 0.4. Kwa asiyezoea namba za nyaya: namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba. Namba 24 ni kama nusu milimita, 28 ni milimita 0.32, na ile 30 ya bangili ni 0.25. Kwa njia hii 0.25 ni laini mno, unajikunja kabla hujaushika.

Mwanzo una ujanja wake. Unachukua kipande cha waya mnene zaidi, unakikunja petali sita kama ua, unaziinamisha juu ya kijiti cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 8, na kuzifunga zisicheze. Ua hilo halitakuwa sehemu ya mkufu. Ni la kushikiza tu mzunguko wa kwanza, na mwishoni linakatwa. Kisha waya wa kazi unaanza kutembea: unapita nyuma ya petali, unatoka mbele, unajipisha wenyewe, unahamia petali ya pili. Ukimaliza sita unashuka, na sasa badala ya petali unapita nyuma ya shingo ya kitanzi ulichofanya mzunguko uliopita.

Mizunguko minne ya kwanza ilikuwa mibaya kabisa. Vitanzi vya upande wa kulia virefu, vya kushoto vimebanwa hadi vimezama kwenye kijiti. Nimeikata yote.

Mara ya pili nikamkumbuka bibi, aliyenifundisha kufuma nikiwa mdogo. Kila nilipokaza uzi alikuwa akinigusa kifundo cha mkono: "Usiukabe uzi, mjukuu wangu. Uache upumue." Kwenye sufu nilielewa kuwa anasema juu ya ulaini wa sweta. Kwenye waya maana yake imekuwa wazi zaidi, kwa sababu waya haunyumbuki kama uzi wa sufu. Kitanzi ulichokibana kimebanwa milele. Sasa nashusha waya hadi kitanzi kiguse kijiti, nasimama hapo. Sivuti tena. Mzunguko wa kumi umetoka sawa kwa sawa, na nimeuangalia kwa furaha kubwa.

Jumapili

Kuunganisha waya mpya. Hili ndilo lililonichosha kuliko yote, na mafundi wengi hulipita haraka wanapoeleza.

Waya wa kazi ukibaki sentimita tano hivi, simama. Pitisha waya mpya nyuma ya shingo ileile ambayo waya wa zamani ungepita, na uache mkia wa sentimita tatu. Mikia yote miwili, wa zamani na mpya, ilale wima sambamba na kijiti, kuelekea chini, ili mizunguko inayofuata iifunike. Nilikuwa naipeleka juu, juu ya kazi iliyokwisha, ikawa inachomoza na kukwaruza. Ikielekezwa chini inamezwa. Baada ya mizunguko mitatu unakata ziada, na kidole kikipita hapo hakisikii kitu.

Nimeunganisha mara mbili leo. Mara ya tatu waya umenikatikia mkononi palepale kwenye pindo, maana nilikuwa nimeupinda na kuunyoosha nikitafuta njia. Shaba hukomaa kwa kupindwapindwa. Mwanzoni ni laini kama uzi, baada ya misukosuko inakuwa ngumu, na mwisho inavunjika. Dawa yake ni moto: unakunja waya kuwa kishada, unaupasha hadi uwe mwekundu hafifu kwenye giza, unautumbukiza kwenye maji, unarudi kuwa laini. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085 za Selsiasi, lakini waya wa 0.4 una mwili mdogo, na mwali ukitua mahali pamoja sekunde chache tu zaidi, umepotea. Nimepoteza kishada kimoja hivyo. Weusi unaobaki baada ya moto unatoka kwa siki na chumvi kidogo.

Jumatano, wiki ya pili

Sentimita 26. Mikono imeizoea kazi sasa, mzunguko mmoja unanichukua kama dakika mbili. Nimetumia karibu mita sita za waya, uzito wa gramu saba hivi.

Kwa sasa haupendezi. Ni bomba la waya, mnene, lenye matundu makubwa, na kijiti kikitoka ndani linabonyea. Mtu asiyeijua kazi hii angelitupa. Uzuri wake unatoka kwenye ubao.

Nimechukua kipande cha mbao ngumu, nikatoboa matundu ya milimita 9, 8, 7, 6 na 5, nikayapiga msasa ndani hadi yakawa laini, nikapaka nta. Ukishika petali za mwanzo kwa koleo na kuvuta bomba kupitia tundu la 9, halafu 8, linashuka chini hadi 5. Wakati wa kuvuta unasikia mlio, kama mchanga mwembamba unaosagwa, na ndani ya kiganja unahisi vitanzi vinahama, vinasogeleana, kila shingo inakaza jirani yake. Kutoka tundu la 7 kwenda 6 ndipo badiliko linapotokea: ule uwazi unafunga, na ghafla unashika kitu kizito kinachopinda kama nyoka. Nimelivuta mara mbili kwenye kila tundu, mara ya pili nikianzia upande mwingine ili mkazo uwe sawa.

Sentimita 26 zimekuwa 38. Mkufu ukiwa umelala mezani nikaugusa, ukatelezea upande kama maji. Nimekaa nao muda mrefu.

Ijumaa

Jambo la rangi. Nilitaka shaba iwe na kahawia ya uzee, na kuna njia isiyohitaji kemikali za dukani: yai. Unachemsha yai hadi kiini kikauke, unaliponda likiwa moto, unaliweka kwenye chombo chenye kifuniko pamoja na shaba, bila kugusana. Salfa inayotoka kwenye yai inaifanya shaba kuwa kahawia, na fedha pia huitika.

Nilijaribu kwanza kwenye kipande cha waya wa koili ya mota ya zamani. Saa sita, haukubadilika hata kidogo. Nikajaribu tena usiku kucha, wapi. Nilipoukwaruza kwa tupa ndipo nikaona: waya wa koili umepakwa vanishi ili umeme usiruke kutoka mzunguko hadi mzunguko, na salfa haiifikii shaba. Vanishi hiyohiyo ilibanduka niliposukuma kipande kile kwenye ubao, ikaacha vumbi jekundu. Kwa hiyo nyaya za mota ni nzuri kwa mazoezi ya mkono, lakini si kwa mkufu wa kuvaliwa. Mkufu wenyewe, wa shaba mtupu, umeshika kahawia kwa saa tatu. Nimesugua sehemu za juu kwa kitambaa, mashimo yakabaki meusi, na sasa kila kitanzi kinaonekana peke yake.

Jumatatu, wiki ya tatu

Leo ni siku ya jaribio lenyewe. Bila hili mradi hauna maana.

Nimefuma vipande viwili vya sentimita 6. Cha kwanza ni cha njia niliyotumia, ambapo waya unapita nyuma ya shingo ya kitanzi kimoja cha juu. Cha pili ni cha njia maradufu: waya unapita nyuma ya shingo mbili, ya mzunguko uliopita na ya mzunguko kabla yake. Kinachosha zaidi na kinakula waya zaidi. Mkufu mzima ungehitaji karibu mita kumi. Nimevivuta vyote hadi 5, kisha nikakata kitanzi kimoja katikati ya kila kipande kwa koleo la kukatia.

Cha kwanza: nilipovuta taratibu hakikusogea. Nilipotumia nguvu, kitanzi kilichokatika kikafunguka na cha juu yake kikateleza nusu. Si tundu la bangili, lakini kimeteleza. Shingo iliyopishana imezuia, ila imechoka.

Cha pili: nimevuta hadi vidole vikauma. Ncha mbili za waya uliokatwa zimechomoza kama nywele, basi. Kila kitanzi kimeshikwa na mizunguko miwili, ukiukata mmoja, wa pili bado umekishika.

Nimemfikiria Ruth Asawa, msanii wa Marekani aliyejifunza mwaka 1947 huko Toluca, Meksiko, namna mafundi wanavyotengeneza vikapu vya waya kwa vitanzi, kisha akafanya sanamu kubwa zinazoning'inia kwa vitanzi hivyohivyo. Vikapu vile vilikuwa vya kubebea. Vitanzi tupu vinaweza kubeba uzito halisi, na nilipaswa kuanza na swali la mzigo kabla ya swali la urembo.

Mkufu wa kwanza nitauvaa mwenyewe. Nimeufunga mwisho kwa vikombe viwili vidogo vya koni, waya ukipita ndani ya kila kimoja na kujisokota mara tano juu, na kulabu niliyoipinda kwa waya wa milimita 1.2 na kuigongagonga kwa nyundo ili ikomae. Hapa ukomavu wa shaba ni rafiki, maana kulabu laini hufunguka.

Leo

Nimeanza mkufu wa pili, maradufu, petali sita, kijiti kilekile. Mzunguko wa 31. Mdogo wangu amekaa pembeni akiangalia, ameshika kile kipande nilichokikata, anakivuta, anakivuta tena. "Dada, na ukikata viwili?" ameniuliza. Nimempa koleo.