Siku mbili, ramani moja na Bweni namba 33

Tulikwenda kuona jinsi watu waliohamishwa wanavyojenga makumbusho ya kumbukumbu zao. Tulianza kwa miguu, mtaa wa Buitenkant, Cape Town, Afrika Kusini. Humo ndani ya kanisa la zamani la Wamethodisti ndimo yalimo Makumbusho ya District Six. Kitongoji chenyewe kilikuwa hatua chache kutoka hapo, hadi tarehe 11 Februari 1966 kilipotangazwa na serikali ya ubaguzi wa rangi kuwa cha Wazungu peke yao. Watu wapatao 60,000 waliondolewa, wengi wakapelekwa kwenye nyanda za mchanga za Cape Flats. Maonyesho ya kwanza, Desemba 1994, yalipangwa yadumu wiki mbili. Yakazaa makumbusho, na sababu kubwa mtu anaikanyaga anapoingia.

Ni ramani. Imetandazwa sakafuni, imechorwa mitaa, na waliohamishwa wakapewa kalamu waandike majina ya familia pale pale zilipokuwa nyumba zao. Inaonekana kazi rahisi, lakini anayetaka kuiga aanze na hesabu. Nyumba yenye upana wa mita 6 ikichorwa kwa kipimo cha 1:60 hupata sentimita 10, ambazo zinatosha jina la ukoo na mwaka. Kwa kipimo hicho, mtaa wa mita 300 unakula mita 5 za sakafu. Ukipunguza zaidi, wazee hawaoni pa kuandika, na wa kwanza kufika huwafunika majirani kwa herufi kubwa. Chora barabara, misikiti, makanisa, shule na maduka ya konani. Nyumba ziache wazi. Tandika plastiki ngumu inayopitisha mwanga juu ya mchoro, na piga picha ya ramani yote kila mwezi, maana wino unafutwa na viatu.

Ugomvi utakuja. Familia mbili zitadai mlango mmoja, na mara nyingi zote zinasema kweli: mmoja alipanga 1948, mwingine 1961. Ndiyo maana mwaka ni lazima. Mwenye nyumba atataka jina lake litangulie la mpangaji. Tunaonelea yaandikwe kwa jinsi watu wanavyofika, basi. Makumbusho si ofisi ya hati.

Pembeni yananing'inia mabamba 75 ya majina ya mitaa, ambayo msimamizi mmoja wa ubomoaji aliyaweka badala ya kuyatupa. Kuna pia kitambaa cha kumbukumbu: wageni na wakazi wa zamani huandika kwa kalamu ya wino mzito, halafu maneno yanadariziwa kwa uzi juu ya mwandiko wao. Ukiahirisha kudarizi, wino unakutangulia kupauka.

Kabla ya jua kuzama tulipanda hadi ulipokuwa mtaa wa Horstley. Waafrika waliondolewa hapo mapema zaidi, mwaka 1901, wakati wa tauni, wakapelekwa Ndabeni, nje ya mji wa wakati huo. Ukiwauliza waliohamishwa baada ya tangazo la 1966 peke yao, hawa wa 1901 hutawasikia. Kila eneo lina uhamisho uliozikwa chini ya uhamisho, kwa hiyo tafuta wajukuu wao kabla hujafunga orodha ya unaowaalika.

Siku ya pili tulishika barabara ya N2 kwa gari, tukapita uwanja wa ndege na Khayelitsha, kilomita 40 na ushei hadi Lwandle, jirani na Strand. Kwa Kixhosa ulwandle ni bahari. Mabweni ya hapa yalijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa wanaume wa mikataba kutoka Transkei na Ciskei, maeneo waliyotengewa Waafrika, hasa wafanyakazi wa viwanda vya kusindika matunda. Msomaji wa Tanga hahitaji maelezo marefu: hao ni manamba, vibarua wa mkataba kama wale wa mashamba ya mkonge, na pasi waliyotembea nayo, kibali cha Mwafrika kuwepo mjini, ni kipande cha wakoloni kwa jina lingine. Wake na watoto hawakuruhusiwa kuishi humo. Walikuja hivyo hivyo, wakijificha msako unapopita, hadi sheria za pasi zilipofutwa mwaka 1986.

Makumbusho ya Wafanyakazi Wahamiaji ya Lwandle yalifunguliwa 1 Mei 2000. Siku ya mapumziko kwa mfanyakazi, na hilo si jambo dogo: mikutano ya saa nne asubuhi siku za kazi huwaleta wastaafu na maofisa tu. Jumapili alasiri inafaa, baada ya ibada. Desemba usijaribu, maana nusu ya unaowatafuta wamerudi kwao, mkoa wa Eastern Cape.

Mabweni yalikuwa yakigeuzwa nyumba za familia, na Bweni namba 33 likaachwa liwe kumbukumbu. Hapo ndipo kazi ya aina hii inapokwama. Penye njaa ya makazi, kuhifadhi vyumba vitupu kunahitaji jibu la swali moja: waliomo watalala wapi? Mpaka mkazi apate kwake, usimletee fomu ya ridhaa. Swali linalofuata ni bweni lirudishwe lilivyokuwa mwaka gani. La 1960 lina vitanda vya wanaume na choo cha ndoo. La 1987 lina mapazia yaliyogawa chumba kimoja baina ya familia, na mtungi wa maziwa ya mtoto. Wakiulizwa wanaume pekee, mtaweka la kwanza. Wanawake waulizwe kwa kikao chao, na kwa lugha yao.

Picha za familia zisilale ofisini. Njoo na skana nyumbani kwa mwenyewe, nukta 600 kwa inchi kwa picha ndogo, urudishe papo hapo. Ridhaa iwe mbili: ya kutundika ukutani, na ya kutumika kwingine kokote, kwa sababu mtu hukubali ya kwanza akakataa ya pili. Nauli ya matatu yao ya huko, ile teksi ya abiria 15, ilipwe siku hiyo hiyo, taslimu.

Juni 2014, katikati ya baridi, vibanda vya wakazi vilibomolewa kwenye ardhi iliyo kando ya N2, hapo hapo Lwandle. Tulipita barabara hiyo hiyo tukirudi mjini, upepo wa kusini-mashariki ukirusha mchanga kwenye kioo.