Siku moja na mwalimu wa Hisabati: leo wenzangu wamekaa nyuma ya darasa

Saa 12:20 asubuhi. Mwalimu wa zamu bado hajafika. Naweka chaki na daftari mezani, nafungua andalio la somo. La leo si langu peke yangu. Tuliliandika wiki iliyopita, walimu wote wa Hisabati kuanzia darasa la tatu hadi la sita, kwenye kikao chetu cha jumuiya ya kujifunza. Mada ni kulinganisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti, na iliyotuingiza huko ni mitihani ya mwezi: watoto waliandika kwamba 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa kuwa nane inaizidi nne. Tulipomwaga madaftari mezani tukalikuta kosa hilohilo kila darasa, na kila mwalimu alikuwa kalinyamazia akidhani ni la darasa lake tu.

Saa 1:15. Mstarini. Wimbo wa taifa, matangazo, kucha, usafi wa mazingira. Shikamoo, marahaba, tunaingia.

Saa 2:40. Kipindi changu, darasa la tano mkondo A, dakika 40. Madam wa darasa la tatu na kijana wetu wa kujitolea wanaingia na viti vyao. Minong'ono. Kwa watoto, mtu mzima aliyekaa nyuma na kalamu ni mthibiti ubora wa shule (sisi wa zamani ulimi bado unasema mkaguzi), na siku hiyo hata mwalimu mwenyewe hubadilika sauti.

Sisi tulikubaliana mapema: aliyekaa nyuma hamtazami mwalimu. Anapewa kikundi kimoja, anaandika watoto wanachosema na wanachochora, basi. Hasahihishi, hadokezi jibu, hata ulimi umwashe vipi. Bila makubaliano hayo kukaa nyuma kungekuwa ukaguzi wa bure, na hakuna mwalimu ambaye angekubali mara ya pili.

Nauliza: kati ya 1/3 na 1/4, ipi kubwa? Chora, kisha mweleze mwenzako. Makelele ya kazi yanaanza. Baada ya muda mikono inanyooshwa, jibu ni sahihi, natoa zoezi. Kwa mtu aliyesimama mbele ya watoto sabini na kitu, wanne wanne kwenye dawati, zaidi ya mikono hiyo hakuna kinachoonekana.

Saa 4:00. Uji. Kisha vipindi viwili vya Sayansi na rundo la madaftari ya kusahihisha.

Saa 8:30 mchana. Kikao, ofisi ya taaluma. Watoto wa madarasa ya chini wameshakwenda nyumbani. Kijana wa kujitolea anafungua daftari lake na kutusomea habari za kikundi cha dirishani. Kuna mtoto alichora mistatili miwili: wa 1/3 ulikuwa kama sentimita tatu, wa 1/4 umevuka nusu ya ukurasa. Akagawanya vizuri kabisa, akatia kivuli. Kwenye mchoro wake 1/4 ndiyo kubwa, na akashikilia: "Si tumeambiwa tuchore? Angalia mwenyewe." Jirani yake hakubishana. Alivuta rula, akachora mistatili miwili ya urefu uleule, akamsukumia daftari. Yule wa kwanza akatazama, akafuta wake.

Ningeishia kwenye majibu ya ubaoni, ningesema kipindi kimekwenda vizuri.

Madam wa darasa la tatu akacheka kwa kuguna. "Hao nimewapika mimi. Sehemu nawafundisha kwa machungwa. Chungwa moja kubwa, jingine dogo, wala sijawaambia kwamba kitu kizima lazima kiwe kilekile." Hapo kikao kikachangamka. Kosa la darasa la tano lilikuwa na mizizi darasa la tatu, na pasipo mwalimu wa la tatu na wa la tano kukaa chumba kimoja lingehamia la sita na kuanza upya kama jipya. Tukaafikiana: machungwa yabaki kwa kuanzia, ila vipande vya manila vyenye urefu sawa viingie tangu darasa la tatu.

Naandika haya nikijua wapo wanaonuna. Zamani mafunzo yalikuwa semina: anakwenda mmoja, anarudi na posho na faili, na faili linalala kabatini. Mwongozo wa wizara wa mwaka 2020 wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, hii MEWAKA inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, uliyarudisha mafunzo shuleni, na shuleni hakuna posho. Huko Japani walimu wa shule za msingi wana zaidi ya karne wakifundisha mbele ya wenzao na kukichambua kipindi pamoja, kwa hiyo si mradi wa kupita. Lakini jumuiya ikigeuzwa fomu ya kujazwa kwa ajili ya afisa elimu kata, mahudhurio yatakuwa kamili na watoto wataendelea kuandika 1/8.

Saa 10:15 jioni. Nyumbani.

Saa 1:30 usiku. Nakata manila, mwanangu anashika rula. Kila kipande sentimita 24, maana 24 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6 na 8 bila kubaki kitu. Kwenye kundi la WhatsApp wanabishana kama mstari wa namba uje kabla ya vipande au baada. Mimi nasema baada, na nimeshaandika sababu zangu mara mbili.

Kesho mkondo B anafundisha kijana wa kujitolea, kwa andalio lilelile lililorekebishwa. Mimi nimepewa kikundi cha karibu na mlango. Ameniomba nisitazame ubao wake, mwandiko wake wa chaki unapanda mlima.