Usiku wa Upepo Dunga

Usiku wa kuamkia jana, upepo ulipochafua ziwa na simu ya mume wangu, aliyetoka ufuo wa Dunga, Kisumu, jioni kwenda kuvua omena (dagaa), ikawa haipatikani, niliketi jikoni nikiishika taa yake ya akiba kana kwamba ingemwonyesha njia. Nilijaribu kuomba, maneno yakanikauka. Ndipo nikakumbuka kwamba Marko, katika sura ya 4, hakusahau kuutaja mto wa kichwa ambao Yesu aliulalia katika shetri, yaani sehemu ya nyuma ya mashua, huku mawimbi yakiingia chomboni. Ni jambo dogo, lakini lilinituliza kuliko mahubiri mengi niliyowahi kuyasikia. Hofu haikuniondoka yote, nisiseme uongo, ila mikono iliacha kutetemeka, nikasinzia pale pale mezani. Saa kumi na mbili alfajiri alibisha hodi, amelowa chapachapa, akauliza kama kuna chai.